Mwambie Konda Akushushe Fire

Kila mtu anayeishi Dar es Salaam na mwenye ndugu mkoani amewahi kutuma ujumbe wa namna hii, au amewahi kuupokea siku alipokuja mjini mara ya kwanza:

"Ukishuka Mbezi usimpe mtu begi lako. Panda mwendokasi, sema unashuka Fire. Ukifika Fire vuka barabara, uliza bajaji za Muhimbili. Ukipotea mpe mtu simu niongee naye."

Hebu usome tena. Hauna jina la mtaa. Hauna namba ya nyumba. Hauna kaskazini wala kusini. Una majina ya vituo, una watu wa kuulizwa, na mwisho una kifungu cha dharura: mpe mtu simu.

Wapo wanaoucheka. Mgeni kutoka Ulaya ataona hatuna mpangilio, na mwenzetu aliyesoma nje ataona aibu kidogo. Mimi naona tofauti. Ujumbe ule umetokana na historia ya zaidi ya miaka mia moja. Ukiufuatilia nyuma utaona jiji lilivyogawanywa, nani alipangiwa kukaa wapi, na nani aliachwa ajitafutie njia. Leo naomba tuufuatilie.

Kwanza tuelewane mgeni ni nani. Tukisema mgeni wa jiji watu wanafikiria mtalii mwenye kofia na kamera. Huyo atachukuliwa uwanja wa ndege na gari la hoteli. Mgeni wa Dar kwa idadi ni mwingine kabisa. Ni mama aliyetoka Songea na barua ya rufaa ndani ya bahasha ya kaki. Ni kijana wa Kahama anayekuja kununua mzigo Kariakoo. Ni binti aliyeitwa kwenye usaili saa mbili asubuhi na hajui Kijitonyama iko upande gani. Hawa hawana gari, hawana dereva, na wengine hawana hata chaji ya simu wakifika. Jiji linalowapokea lina watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya mwaka 2022, na limetandaa kuelekea Bunju, Kibamba, Chanika na Kigamboni. Swali langu ni moja tu: nani amepewa kazi ya kuwaonyesha njia?

Twende mwanzo. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga karibu na kijiji cha Mzizima, akaupa mji wake jina tunalolitumia hadi leo. Alifariki mwaka 1870 na mji ukasinzia. Wajerumani wakaja, na mwaka 1891 wakahamisha makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo kuja Dar. Hapo ndipo ramani ilipoanza kuchorwa kwa rula.

Wajerumani walianza kuugawa mji kwa aina za majengo, na Waingereza waliofuata baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakaurithi mgawo huo na kuukaza. Palikuwa na kanda tatu. Ya kwanza, upande wa bahari, ilikuwa ya nyumba za aina ya Kizungu zenye bustani na upepo. Ya pili ilikuwa ya maduka na nyumba za mawe, na humo wakaishi zaidi Wahindi. Ya tatu ilikuwa ya nyumba za miti na udongo. Kwa maandishi kanuni zilitaja aina ya jengo. Kwa vitendo kila mtu alijua zinataja rangi ya ngozi. Ndiyo maana wazee wetu walibaki na majina matatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini.

Kariakoo yenyewe jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa Kiafrika, Carrier Corps, waliokuwa na kambi pale baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Kati ya Kariakoo na Uhindini pakaachwa uwanja mpana wazi, ndio Mnazi Mmoja. Leo tunaenda pale kwenye mikutano na maadhimisho, lakini sababu mojawapo ya uwanja ule kuwapo ilikuwa kuwatenganisha watu. Walisema ni kwa ajili ya afya.

Sasa angalia hospitali, maana ndizo zinazoleta wageni wengi. Mwaka 1897 Wajerumani walifungua hospitali ufukweni, kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Waasia walikuwa na hospitali yao, iliyopewa jina la tajiri Sewa Haji aliyetoa fedha za kuijenga. Ile ya ufukweni ndiyo Ocean Road, ambayo tangu mwaka 1996 ni taasisi ya saratani. Kwa hiyo leo mama kutoka Songea anayetafuta mionzi anakwenda hadi ukingoni kabisa mwa bara, kwenye jengo lililowekwa pale ili afisa wa Kijerumani apate upepo wa bahari. Aliyechagua kiwanja kile hakumfikiria mama huyo hata kidogo. Nauli yake ya leo, pamoja na jasho lake, inalipia uamuzi wa mwaka 1897.

Wakati huo lakini mji ulikuwa mdogo. Mtu aliishi Kariakoo, akafanya kazi bandarini au kwa bwana Uzunguni, akaenda kwa miguu au kwa baiskeli. Mgeni alifikia kwa mtu wa kabila lake au kijiji chake, na siku ya kwanza alitembezwa mji mzima akaumaliza. Shida yake kubwa haikuwa umbali. Shida yake ilikuwa polisi. Serikali ya Mwingereza haikupenda Waafrika wasio na kazi wakae mjini, iliwakamata na kuwarudisha makwao, ikiwaita wahuni. Mgeni asiyekuwa na shughuli inayoeleweka alikuwa kosa linalotembea. Kumbuka jambo hili, maana litarudi.

Mji ukakua kwa kufuata njia za kutoka mjini. Hapa ndipo penye kiini cha taabu yetu. Barabara kubwa za Dar ni nne na majina yake yanasema yenyewe: ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu (ambayo sasa ni ya Nyerere) na ya Kilwa. Hakuna hata moja iliyowekwa ili kuunganisha sehemu moja ya Dar na sehemu nyingine ya Dar. Zote ziliwekwa ili watu na mizigo watoke na kuingia. Jiji likaota juu yake kama nyama juu ya vidole vinne, na katikati ya vidole pakabaki mabonde, mto Msimbazi, reli na mashamba.

Matokeo yake unayajua. Mtu wa Mbagala anayekwenda Mwenge kwa miaka mingi alilazimika kurudi kwanza hadi mjini kwenye kiganja, kisha apande kidole kingine. Barabara ya Mandela na ya Sam Nujoma zilikuja baadaye kuviunganisha vidole kule juu, ndiyo maana foleni yake haiishi. Wenyeji tumezoea. Kwa mgeni ni kitendawili: anaonyeshwa kwa kidole kuwa anakokwenda ni pale ng'ambo ya bonde, halafu anaambiwa apande magari mawili.

Katika miaka ya 1950 makazi ya Waafrika yalipanuliwa huko Magomeni, Temeke na Kinondoni. Sasa kutembea kwa miguu kukawa kugumu kweli. Mabasi yalikuwepo. Mwaka 1949 ilianzishwa kampuni ya Waingereza iliyoitwa Dar es Salaam Motor Transport, wazee waliiita DMT. Sensa ya mwaka 1957 ilikuta mjini watu wapatao 129,000. Ya mwaka 1967, miaka michache baada ya Uhuru, ilikuta 273,000. Mji uliongezeka mara mbili na zaidi kwa miaka kumi, na basi likabaki lilelile.

Baada ya Azimio la Arusha serikali ilitaifisha njia kuu za uchumi, na mwaka 1970 zamu ya DMT ikafika. Mwaka 1974 ikagawanywa mara mbili: KAMATA, yaani Kampuni ya Mabasi ya Taifa, ikachukua safari za mikoani, na UDA ikachukua usafiri wa ndani ya jiji. Nia ilikuwa nzuri. Nauli ilitakiwa iwe ndogo ili mfanyakazi wa kawaida aimudu. UDA ikaleta hata mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yale yaliyounganishwa katikati, watu wakayaita kumbakumba kwa jinsi yalivyosomba abiria.

Lakini bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani tangu mwaka 1973, fedha za kigeni za kununulia vipuri zikaadimika, na vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vikamaliza kilichobaki. Basi likiharibika lilibaki gereji likisubiri kifaa kutoka nje. Palikuwa hata na wakati ambapo magari binafsi yalipigwa marufuku barabarani Jumapili mchana ili kubana mafuta. Sensa ya mwaka 1978 ikahesabu watu 843,000 mkoani Dar. Piga hesabu mwenyewe: watu zaidi ya mara mbili kwa miaka kumi na moja, na mabasi yanapungua. Wazee wanaosimulia foleni za UDA hawatii chumvi.

Penye pengo huingia mtu. Magari ya watu binafsi yakaanza kubeba abiria kwa kificho. Yaliitwa thumni, jina la sarafu ya senti hamsini. Dereva alibeba huku akichungulia polisi, na abiria akifundishwa kusema ni jamaa yake. Ilikuwa kinyume cha sheria, na kila mtu alipanda, wakiwemo watumishi wa serikali iliyopiga marufuku.

Kisha ukaja mwaka 1983. Ningekuwa mwalimu wa historia ningewapa wanafunzi mwaka huu mmoja waukae nao muhula mzima. Mwaka huo serikali ilifanya mambo mawili yanayovutana. Jambo la kwanza, ilikubali yaishe, ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria jijini, mwanzoni kwa kibali kupitia UDA. Nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 mitaani ilikuwa ikiitwa dala. Makonda wakaita "dala! dala!" na jina likakaa. Jambo la pili, ikapitisha sheria ya Nguvu Kazi. Watu walioonekana hawana kazi Dar walikamatwa wakapelekwa vijijini wakalime. Mtu aliyetembea bila kitambulisho cha kazi alikuwa na wasiwasi.

Umeona? Mkono mmoja unafungua mlango wa gari, mkono wa pili unamkamata aliyeteremka. Yule mhuni wa Mwingereza sasa akaitwa mzururaji. Sera ya kumfukuza mgeni ilishindwa, kama ilivyoshindwa ya mkoloni, maana waliopelekwa shamba wengi walirudi. Daladala ikabaki. Na kwa maoni yangu ilibaki kwa sababu ilifanya kazi mbili kwa nauli moja. Ilibeba watu, halafu ikawaambia wako wapi.

Fikiria kazi ya konda kwa macho ya mgeni. Yeye hutangaza njia kwa sauti, kwa hiyo hata asiyejua kusoma kibao anajua gari linakwenda wapi. Hutaja kituo kabla ya kufika. Hukumbuka kuwa yule mama wa siti ya nyuma amesema Buguruni Sheli na si Buguruni Chama. Akifika humgeukia: "Mama, shuka hapa, vuka na yule dada, gari zako zinapakia pale penye mwembe." Tangu enzi za chai maharage, zile gari ambazo abiria waliketi wakitazamana, hadi vipanya vya Hiace na baadaye Coaster na DCM, mabodi yalibadilika na kazi hiyo haikubadilika. Baadaye zikaongezwa rangi za mistari ubavuni kwa kila ruti, jambo zuri sana, lakini mgeni alijuaje maana ya rangi? Aliuliza.

Na majina ya vituo yakawa kumbukumbu za jiji, bila kamati ya kuyapitisha. Kuna kituo kinaitwa Kamata, jirani na Gerezani. Vijana wengi wanadhani ni mahali polisi walipokuwa wakikamata watu. Ni KAMATA, ile kampuni ya mabasi. Kampuni imekufa, jina bado linashusha abiria. Kuna Urafiki, kwa sababu ya kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China kikaanza kazi mwaka 1968. Kuna Fire, kwa sababu ya kituo cha zimamoto. Kuna Mwembechai na Magomeni Mapipa. Kuna Posta ya Zamani na Posta Mpya, ambayo nayo si mpya tena.

Ninayoyapenda kuliko yote ni yale ya Mwisho. Kimara Mwisho. Mbezi Mwisho. Gongo la Mboto Mwisho. Ukiyapanga unapata vipimo vya ukuaji wa jiji, maana kila Mwisho ni mahali ambapo dereva aliwahi kugeuza gari akaamini kuwa mbele hakuna abiria. Leo ukisimama Kimara Mwisho, magari yanapita kwenda Mbezi, na ukisimama Mbezi yanapita kwenda Kibaha.

Sitaki mtu aseme nimeipamba daladala. Tunaijua. Tunajua kukatisha ruti, ambapo gari lililoandikwa njia nzima linakutema katikati saa mbili usiku na konda anasema "tunaishia hapa". Mwenyeji atalaani na kutafuta jingine. Mgeni atabaki pale na bahasha yake ya kaki. Tunajua wanafunzi wanavyosukumwa kwa sababu nauli yao ni ndogo. Tunajua vidole vyepesi kwenye msongamano na mwendo wa kushindana.

Ila tusiishie kulaumu konda, maana ukimlaumu yeye peke yake hujaielewa biashara. Dereva na konda wengi hawamiliki gari. Kila siku mwenye gari anasubiri hesabu yake, iwe mvua iwe jua. Mafuta ni juu yao. Kinachobaki ndicho chao. Ndiyo maana anakimbiza, anajaza, anakatisha ruti palipo na foleni. Wengi hawana mkataba wa kazi wa maandishi, na wengine ni deiwaka, mtu anayeazimwa gari kwa saa chache mwenyewe akapumzike. Mtu huyo ndiye tumemwachia kazi ya kumpokea mgeni wa jiji kubwa kuliko yote nchini, na hatujawahi kuihesabu kuwa ni kazi.

Tarehe 10 Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza. Awamu ya kwanza ina urefu wa karibu kilomita 21, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Yalikuwa mabadiliko ya kweli. Kabla yake mtu wa Kimara aliamka saa kumi alfajiri ili awe mjini saa moja na nusu. Jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, la kwanza Afrika kuipata, na ilistahili. Na waliojenga walikuwa na busara moja: hawakubuni majina mapya ya vituo. Walichukua yale ya makonda. Fire ikabaki Fire, Mapipa ikabaki Mapipa, Urafiki ikabaki Urafiki.

Walichukua majina, wakamwacha mtu. Daladala ziliondolewa kwenye njia ile na makonda wake wakaenda nazo. Ndani ya mwendokasi hakuna anayejua kuwa mama wa siti ya nyuma anashuka Fire. Anategemea sauti ya kutangaza vituo kama inafanya kazi siku hiyo, kibao kama hakijafunikwa na vichwa vya waliosimama, na ukarimu wa abiria mwenzake. Bahati nzuri ukarimu upo. Lakini ukarimu si mpango wa usafiri. Bado pia njia ile inakatiza bonde la Msimbazi pale Jangwani, mahali ambapo maji hudai haki yao kila masika, na barabara ikifungwa hakuna wa kumweleza mgeni apite wapi.

Wakati huohuo mlango wa jiji umesogezwa mbali. Zamani mabasi ya mikoani yaliishia mjini kabisa, Kisutu na Mnazi Mmoja. Kisha yakahamia Ubungo. Tangu mwaka 2021 yanaishia kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, zaidi ya kilomita 20 kutoka Posta. Kwa foleni za katikati ya jiji uamuzi una mantiki. Kwa mgeni maana yake ni kwamba anapoambiwa "umefika Dar", safari ya pili ndiyo inaanza. Na mwendokasi unamfikisha barabarani tu, haumfikishi hospitalini. Kutoka Fire hadi Muhimbili, au Kivukoni hadi Ocean Road, mgonjwa asiyeweza kutembea anapanda bajaji au bodaboda, na kipande hicho kifupi kinaweza kumgharimu kuliko njia yote kutoka Mbezi. Bei anapangiwa kwa kutazamwa sura na mizigo.

Kwa haki nitaje na mengine. Mwaka 2012 ilianza treni ya ndani ya jiji kati ya Stesheni na Ubungo, watu wakaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa wakati huo. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, ingawa pantoni bado inavusha maelfu Magogoni. Na tangu mwaka 2024 treni ya SGR inatoka Dar hadi Dodoma, na Morogoro inafika kwa muda usiozidi saa mbili. Jioni ya mvua mtu anaweza kutumia muda kama huo kutoka Tegeta hadi stesheni ya kupandia hiyo treni.

Sasa tujumlishe. Tangu DMT hadi mwendokasi tumebadilisha mwenye basi kila baada ya kizazi: Mwingereza, serikali, mwenye Hiace, kisha mfumo wa mwendokasi. Kila mara mjadala ulikuwa juu ya basi: likubwa au dogo, la nani, nauli kiasi gani. Kumwelekeza mtu hakukuwa kwenye bajeti. Mkoloni na serikali ya miaka ya 1980 walimwona mgeni kama tatizo la kukamatwa. Sisi hatumkamati, tunamwacha tu. Na aliyekuwa akimsaidia, yule konda asiye na mkataba, tunamwondoa barabara moja baada ya nyingine pamoja na ujuzi wake.

Siombi vipanya virudi Posta. Ninachoomba ni kidogo sana. Kwanza, kila ruti mpya ipimwe kwa mgonjwa wa rufaa kabla ya kupimwa kwa mfanyakazi wa ofisini: akishuka Mbezi saa kumi na mbili jioni, atafikaje Muhimbili bila kumpigia ndugu simu? Kama hawezi, mpango haujakamilika. Pili, hospitali zetu kubwa zipate gari dogo la uhakika kutoka kituo cha karibu cha mwendokasi, kwa nauli inayojulikana. Tatu, waajiriwe watu wa kujibu maswali vituoni, wenye fulana inayoonekana na mshahara unaoeleweka, na waanze kutafutwa miongoni mwa makonda waliopoteza ruti. Hakuna chuo kinachofundisha wanachokijua wale.

Nne, ujuzi huo uandikwe kabla haujapotea. Inawezekana. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi na wakazi kuchora ramani za kata za Dar, hasa kwa ajili ya mafuriko, kwa njia ileile ya kwenda mtaani na kuuliza. Kilichofanyika kwa mitaro kinaweza kufanyika kwa vituo na majina yake.

Kwa kuanzia, tufanye sisi wenyewe hapa chini. Kituo unachoshukia kinaitwaje, na kiliitwa hivyo kwa sababu gani? Kama hujui, leo jioni muulize mzee anayeuza magazeti au kahawa karibu na hapo. Waliofika na DMT bado wapo wachache, na wanakumbuka.